Mtoto Ameugua Baada ya Chanjo: Nani Anampa Mzazi Jibu?

 Walioniita walinitaka nizungumzie usalama wa chanjo. Nimechagua upande ambao sisi wa sekta ya afya tumezoea kuuzungumza wenyewe kwa wenyewe, ofisini, kwa fomu na vifupisho, na ambao mzazi anayekesha na mtoto mwenye homa hausikii. Chanjo ikifuatiwa na ugonjwa, tunaamuaje kama ndiyo iliyouleta? Na tukishaamua, tunamwambia nani?

Kusudi langu ni kuwaonyesha kwamba upo utaratibu mzuri wa kuyapanga matukio haya, utaratibu uliojengwa kwa uchungu na kwa vifo vya watoto, na kwamba unaishia njiani. Taarifa inapanda kutoka zahanati hadi wilayani, hadi Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, au kwa ndugu zetu wa Kenya hadi Bodi ya Dawa na Sumu, kisha inafika Uppsala, Sweden, inakotunzwa hazina ya taarifa za dunia nzima. Tanzania imo katika mtandao huo tangu 1993. Kupanda, basi, inapanda. Kushuka na kumrudia mama aliyeitoa, mara nyingi haishuki. Nina hoja tano. Baadhi nitazikalia, nyingine nitazipita haraka.

Hoja ya kwanza: lililotokea baada ya chanjo si lazima limeletwa na chanjo

Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba jambo lolote baya la kiafya linalompata mtu baada ya kuchanjwa liandikwe kwanza, bila kuuliza sababu. Homa iandikwe, degedege liandikwe, kifo kiandikwe. Sababu hutafutwa baadaye, na tangu 2012 zimewekwa katika makundi matano.

Kundi la kwanza ni la chanjo yenyewe, yaani mwili unavyoitikia kilichomo. Kila mama aliyezalia hapa kwetu anakijua kidonda cha BCG: wiki chache baada ya sindano kinatokea kipele, kinatunga, kinapasuka, kinaacha kovu. Akina mama hawakimbii, kwa sababu waliambiwa mapema kwamba kitakuja. Kundi hilo hilo lina mambo mazito pia. Matone ya polio yana virusi hai vilivyodhoofishwa, na katika takriban dozi milioni 2.7 hutokea mtoto mmoja akapooza kwa sababu ya matone yenyewe. Huo ni ukweli, na hatuna haki ya kuuficha.

Kundi la pili ni ubora wa chanjo kiwandani. Aprili 1955, maabara ya Cutter huko California ilitoa chanjo ya polio ambayo virusi vyake havikuuawa vyote. Watoto wapatao 40,000 waliambukizwa, zaidi ya 50 wakapooza, watano wakafa. Fomula ya Jonas Salk, aliyeibuni chanjo hiyo, haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika utengenezaji na katika usimamizi wa serikali, na usimamizi wa viwanda vya chanjo tunaouona leo ulikazwa kutokana na msiba ule.

La tatu ni kosa la anayetoa chanjo. Nitalirudia, maana linastahili hoja yake lenyewe.

La nne ni hofu na mfadhaiko unaoletwa na tendo la kuchanjwa. Mwaka 1998 huko Jordan, zaidi ya wanafunzi 800 walijiona wameathirika baada ya chanjo ya pepopunda na dondakoo, na 122 wakalazwa. Chanjo ilichunguzwa ikakutwa haina kasoro. Naomba walimu wa shule mliomo humu mnisikilize vizuri, kwa sababu chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi inatolewa kwa wasichana shuleni, hapa Tanzania tangu 2018 na Kenya tangu 2019. Msichana anayeanguka kwenye foleni hajifanyi. Moyo wake umepungua mapigo kweli, damu imepungua kichwani kweli, na mikono inakufa ganzi kweli. Kumwambia "huna kitu, inuka" ni kumwongezea maumivu, na wenzake wanaotazama wanaogopa zaidi. Alazwe chini mahali pa faragha, miguu iinuliwe, aelezwe kilichompata. Na wale wengine wasipangwe wakimtazama mwenzao akichomwa.

La tano ni sadfa: ugonjwa ulikuwa unakuja, ukakutana na siku ya chanjo. Hapa ndipo wazazi wengi hudhani tunakwepa, kwa hiyo tuhesabu pamoja. Mwenye kalamu aandike. Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 33 hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na 24 kati yao hufariki ndani ya mwezi wa kwanza. Wanabaki tisa wanaofariki katika miezi kumi na mmoja iliyobaki. Tuseme vifo hivyo vimetawanyika sawasawa katika siku 335. Chukueni watoto 100,000 waliovuka mwezi wa kwanza, muwachome sindano isiyo na kitu ila maji safi. Katika saa 24 zitakazofuata, wawili au watatu watakuwa wamefariki. Wazazi wao watasema, "Alichomwa jana, leo amekufa," na watakuwa wamesema kweli tupu. Kazi ya mchunguzi ni kujua kama siku ile vilitokea vifo zaidi ya vile ambavyo vingetokea hata bila sindano.

Uchunguzi ukikamilika, kamati ya wataalamu hutoa uamuzi: tukio linaafikiana na kusababishwa na chanjo, haliafikiani, ushahidi hautoshi kukata upande wowote, au taarifa zilizokusanywa ni pungufu kiasi kwamba tukio haliwezi kupangwa kabisa. Uamuzi huo wa mwisho unaniuma kuliko yote. Una maana kwamba mtoto alizikwa bila vipimo, kichupa kilitupwa, kadi ya kliniki haikunakiliwa, na sasa hakuna atakayejua milele.

Hoja ya pili: ukali, uzito na wingi ni mambo matatu

Hii ni fupi, lakini waandishi wa habari wanaihitaji. Homa inaweza kuwa kali, ya kumfanya mtoto alie usiku kucha, na bado isiwe tukio zito. Kwa utaratibu wetu, tukio zito ni lile lililoleta kifo, lililohatarisha uhai, lililosababisha kulazwa au kurefusha kulazwa, lililoacha ulemavu, au lililoleta kasoro kwa mtoto anayezaliwa. Mkiandika "madhara makubwa", semeni ni lipi kati ya hayo.

Wingi nao una ngazi zake. Jambo linalompata zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi huitwa la kawaida sana. Kati ya mmoja katika kumi na mmoja katika mia, la kawaida. Hadi mmoja katika 1,000, si la kawaida. Hadi mmoja katika 10,000, nadra. Chini ya hapo, nadra sana. Watafiti wa Uingereza waligundua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba watu wakisikia neno "kawaida" bila tarakimu, hukadiria hatari kuwa kubwa mara nyingi kuliko ilivyo. Kwa hiyo tutoe tarakimu, tena tuipe umbo. Uwanja wa Benjamin Mkapa huchukua watu 60,000. Hatari ya mmoja katika 100,000 ni kuujaza uwanja ule karibu mara mbili, kisha kumtafuta mtu mmoja. Lakini mtu huyo ana jina na ana mama, na msemaji wa wizara anapotoa tarakimu asizungumze kana kwamba hayupo.

Hoja ya tatu: kosa letu likinyamaziwa, chanjo ndiyo inayohukumiwa

Tarehe 6 Julai 2018, katika kisiwa cha Savai'i nchini Samoa, watoto wachanga wawili walichomwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Walikufa ndani ya dakika chache. Chanjo hiyo huja ikiwa unga, na huchanganywa na maji yake maalumu kabla ya kutolewa. Siku ile unga ulichanganywa na dawa ya kulegeza misuli, inayotumika chumba cha upasuaji, tena iliyokwisha muda wake. Chanjo haikuwa na kosa. Hili ni kundi la tatu katika yale matano, wala si jambo gumu kulieleza kwa mtu yeyote.

Serikali ilisimamisha chanjo hiyo nchi nzima. Wauguzi wawili walikiri kosa mahakamani na mwaka 2019 wakahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Kati ya vifo na hukumu ulipita zaidi ya mwaka, na katika muda huo kilichobaki vichwani mwa wazazi ni sentensi moja: sindano ya surua inaua. Kwa mwaka 2018 waliopata chanjo hiyo walishuka hadi karibu theluthi moja ya watoto. Mwishoni mwa 2019 surua ikaingia. Nchi yenye watu wapatao 200,000 ikapata wagonjwa zaidi ya 5,700 na ikazika watu 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano.

Nimeusoma mlolongo huo mara nyingi, na sioni kwamba watu wa Samoa walikuwa wajinga. Waliona watoto wawili wamekufa, wakaona serikali imesimamisha chanjo, na hawakupewa kwa haraka na kwa sauti ya wazi maelezo ya kutenganisha kichupa cha chanjo na kichupa cha dawa ya upasuaji. Mzazi yeyote humu ukumbini angefanya walivyofanya.

Karibu zaidi nasi, Mei 2017, katika eneo la Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa katika kampeni ya chanjo ya surua. Bomba moja la kuchanganyia chanjo lilitumika kwa vichupa vingi kwa siku nne, na chanjo zilikaa siku zote hizo bila jokofu wala barafu. Mwanzoni mwa Juni, Wizara ya Afya ya nchi ile, pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, zilitangaza hayo yote: bomba lililorudiwa, chanjo iliyokaa kwenye joto, na waliochanja bila mafunzo. Nchi iliyokuwa vitani, yenye barabara mbovu na hospitali chache, iliweza kusema ukweli wake ndani ya mwezi mmoja. Basi sisi wenye TMDA, vyuo vikuu na simu za mkononi kila kijiji hatuna udhuru.

Hapa nina neno kwa viongozi. Muuguzi anayejua kwamba kujaza fomu ni kujipeleka polisi hataijaza. Mzembe aliyeficha ushahidi na aadhibiwe. Lakini mfanyakazi aliyekosea kwa uchovu, akiwa peke yake na foleni ya akina mama mia, kisha akasema "nimekosea", alindwe, kwa sababu taarifa yake ndiyo itakayomwokoa mtoto wa kijiji cha pili.

Hoja ya nne: hatari ile ile haina uzito ule ule kila mahali

Agosti 1998 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota, iliyoitwa RotaShield. Kufikia Julai 1999 mfumo wao wa taarifa ulikuwa umepokea watoto 15 ambao utumbo wao ulijikunja na kuingia ndani ya sehemu yake nyingine, hali inayoua isipotibiwa mapema. Ilikadiriwa kwamba hatari ni mtoto mmoja katika takriban 10,000. Oktoba chanjo ikaondolewa sokoni.

Mfumo ulifanya kazi yake vizuri: watu walitoa taarifa, taarifa zikasomwa, hatua ikachukuliwa. Hata hivyo, Marekani virusi vya rota viliua makumi machache tu ya watoto kwa mwaka, na duniani viliua takriban nusu milioni, wengi wao Afrika na Asia. Kwa Marekani, kuiondoa kulikuwa na mantiki. Kwetu, ambako mtoto anayehara hufia njiani kuelekea kituo cha afya, mizani ingesoma tofauti kabisa. Lakini chanjo iliyokataliwa na matajiri nani angethubutu kuipeleka kwa maskini? Ilibidi kungoja hadi 2006 ndipo matokeo ya majaribio ya chanjo mbili mpya, kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000, yalipochapishwa. Tanzania ikaanza kutoa mojawapo mwanzoni mwa 2013, Kenya mwaka 2014. Baadaye watafiti walifuatilia nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, na matokeo waliyochapisha 2018 hayakuonyesha ongezeko la utumbo kujikunja baada ya chanjo hii. Katika baadhi ya nchi tajiri ongezeko dogo lilionekana, watoto wachache katika kila 100,000.

Je, mama wa hapa aambiwe? Mimi nasema aambiwe, tena aambiwe dalili: mtoto analia kwa vipindi huku akikunja miguu, anatapika, choo chake kina damu na makamasi. Mama anayezijua atakimbia hospitali siku ile ile, hata kama tatizo halikuletwa na chanjo. Anayesema kwamba kumweleza mama ni kumtisha hajawahi kumwona mama aliyechelewa kwa kutojua.

Tofauti hiyo ya mizani ilijirudia mbele ya macho yetu 2021. Machi mwaka ule nchi nyingi za Ulaya zilisitisha chanjo ya korona ya AstraZeneca kwa sababu ya damu kuganda huku chembe sahani zikipungua. Tarehe 7 Aprili Shirika la Dawa la Ulaya likaliorodhesha tukio hilo kuwa ni madhara nadra sana. Uingereza, baada ya dozi zaidi ya milioni 20, ilikuwa imehesabu wagonjwa 79 na vifo 19. Wataalamu wa Cambridge wakachora mchoro mmoja rahisi: katika kila watu 100,000 wanaoishi mahali penye maambukizi machache, wangapi wataepushwa na chumba cha wagonjwa mahututi, na wangapi wataganda damu? Kwa wenye miaka 60 hadi 69, waliookolewa ni 14.1 dhidi ya 0.2. Kwa vijana wa miaka 20 hadi 29, ni 0.8 dhidi ya 1.1. Vijana wakapewa chanjo nyingine, wazee wakaendelea na ile ile, na kila mtu aliona sababu kwa macho yake.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa imepokea dozi milioni 1.7 za chanjo hiyo mapema Machi. Iliahirisha kuanza, ikaanza tarehe 19 Aprili, na dozi zipatazo milioni 1.3 zikarudishwa zikatumike nchi nyingine kabla hazijaisha muda. Siwalaumu waliotaka kujiridhisha. Ninachosikitikia ni kwamba mtu wa Goma au Lubumbashi alisikia redioni kwamba Ulaya imesitisha, na hakuna aliyemchorea mchoro wake yeye: kwa umri wake, kwa maambukizi ya mji wake, na kwa ukweli kwamba kwake hapakuwa na chanjo nyingine ya kuchagua.

Hoja ya tano: jibu lirudi nyumbani

Ninaposema tuwaambie watu, sisemi tuchapishe mabango yenye maneno "Chanjo ni salama." Sentensi hiyo imetuponza. Mama aliyeambiwa hivyo asubuhi, kisha usiku mtoto akachemka homa, haoni homa tu, anaona amedanganywa. Muuguzi akimwambia kwamba jioni mtoto anaweza kuwa na homa na paja likavimba, kwamba itapita ndani ya siku moja au mbili, na kwamba akipata degedege, akishindwa kunyonya au akilia bila kunyamaza kwa saa kadhaa amrudishe mara moja, mama huyo atalala akijua la kufanya.

Chanjo ya malaria imetufundisha mengi hapa. Kati ya 2009 na 2014, RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, Bagamoyo na Korogwe zikiwa miongoni mwa vituo, na Kilifi na Siaya kwa upande wa Kenya. Waliochanjwa walionekana kuwa na homa ya uti wa mgongo zaidi ya wenzao, na wasichana waliochanjwa walikufa zaidi. Je, ilikuwa bahati mbaya ya takwimu au madhara ya kweli? Shirika la Afya Duniani likataka chanjo itolewe kwanza kwa uangalizi Malawi, Ghana na magharibi mwa Kenya, kuanzia 2019. Kufikia Oktoba 2021, baada ya dozi zaidi ya milioni 2.3, dalili zile hazikuonekana tena, na shirika likaipendekeza. Hivyo ndivyo swali zito linavyopaswa kujibiwa. Lakini katika majarida ya tiba uliibuka mjadala mkali: je, wazazi wa maeneo yale waliambiwa vya kutosha kwamba swali hilo lipo? Nauunga mkono upande unaosema mzazi anastahili kujua kinachofuatiliwa kwa mwanawe, hata kabla jibu halijapatikana.

Majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya kifua kikuu kwa vijana na watu wazima, iitwayo M72, yalianza 2024, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoshiriki. Chanjo za malaria zinaenea nchi hadi nchi. Miaka inayokuja italeta sindano nyingi mpya kwa watu wetu, na kila moja italeta homa zake, sadfa zake na makosa yetu. Kwa hiyo napendekeza mambo haya yaanze sasa. Kila taarifa ya tukio zito ipewe namba, na mzazi apewe namba hiyo kwenye kadi ya kliniki. Wilaya ilazimike kurudi kwake kwa mdomo, katika muda uliotangazwa, ikimwambia tukio la mwanawe limewekwa kundi gani na kwa nini, hata kama jibu ni "hatukuweza kujua". Kamati ya taifa ichapishe kila mwaka, kwa Kiswahili, idadi ya matukio katika kila kundi. Na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zianzishe mfuko wa kuwafidia walioumizwa kweli na chanjo bila kuwalazimisha kwenda mahakamani. Wakati wa korona mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, COVAX, ulikuwa na mfuko wa namna hiyo kwa nchi 92, kwa chanjo ya korona peke yake. Kwa hiyo tunajua kwamba unawezekana.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Maswali yapo, na naomba wazazi wapewe kipaza sauti kwanza.